Kujifunza, kuamuru, kuomba: likizo ya mwalimu wa kompyuta kwa jicho la isimu

Katika kitivo chetu, somo la kompyuta huhesabiwa kuwa jambo la wengine: watu wa politekniki, watu wa hesabu. Sisi wa lugha tunaijua kompyuta kama mashine ya kuchapia TFC, na hofu yetu kubwa juu yake ni umeme kukatika kabla ya kuhifadhi ukurasa wa mwisho. Makala hii inataka kuonyesha kwamba mpaka kati ya idara zile na yetu hauko pale tunapoudhani.

Mfano wetu utatoka mbali. Tutatazama namna mwalimu wa sayansi ya kompyuta wa shule ya sekondari nchini Marekani anavyotumia miezi ya likizo kubwa. Kwa kawaida kazi zake za wakati huo ni tatu: anajifunza, anatayarisha roboti kwa ajili ya wanafunzi wake, na anatafuta fedha za darasa. Hoja yangu ni kwamba kazi zote tatu ni kazi za lugha, na kwamba katika kisa kimoja kinachojulikana sana lugha ndiyo iliyoamua nani ashinde. Baada ya hapo tutajiuliza jambo hilo linatuhusu vipi sisi tunaosoma lugha za Kiafrika hapa Kongo.

1. Miezi isiyo na darasa

Nchini Marekani shule hufungwa mwishoni mwa Mei au katika Juni, kisha hufunguliwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwao ni majira ya joto. Kwetu Lubumbashi ni kile kiangazi ambacho asubuhi mtu hatoki bila koti. Mkataba wa mwalimu wa shule ya serikali huhesabu miezi kumi hivi ya kazi. Kwa hiyo mengi anayoyafanya Julai anayafanya kwa wakati wake mwenyewe, ingawa baadhi ya mafunzo hutoa posho kidogo.

Kwa nini basi asipumzike? Sababu ya kwanza ni kwamba somo lake halitulii. Seti za LEGO Mindstorms, zilizotumika katika madarasa mengi ya roboti, zilitoka mara ya kwanza mwaka 1998, zikabadilishwa 2006, zikabadilishwa tena 2013, na mwishoni mwa 2022 kampuni ikaacha kuziuza. Kila badiliko lilimlazimu mwalimu aanze upya: nyaya nyingine, amri nyingine, vitabu vingine.

Sababu ya pili ni kwamba wengi wao hawakusomea kompyuta. Walikuwa walimu wa hesabu, wa fizikia au wa biashara, ambao siku moja mkuu wa shule aliwaomba wachukue na somo hilo. Chama cha walimu wa sayansi ya kompyuta, CSTA, kilianzishwa mwaka 2004, na mkutano wake mkuu hufanyika Julai kwa sababu huo ndio mwezi ambao mwalimu anapatikana. Mwaka 2013 shirika la Code.org lilianza kazi, na mafunzo yake kwa walimu yalianza na siku tano za likizo. Januari 2016 Rais Obama alitangaza mpango wa sayansi ya kompyuta kwa wote. Mahitaji ya walimu yakapanda. Walimu wenyewe hawakuota kama uyoga.

Mafunzo hayo ya siku tano yana jambo moja la kupendeza. Mwalimu haketi tu kusikiliza mhadhara. Anakalia kiti cha mwanafunzi na kulifanya somo kama mtoto atakavyolifanya, pamoja na kukwama. Siku inayofuata yeye ndiye anayefundisha na wenzake wanakuwa darasa. Mtu aliyejifunza lugha ya kigeni akiwa mkubwa anaijua hali hiyo: kujua jambo na kushindwa kulisema.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni nzito zaidi. Mwaka 2008 mtafiti Jane Margolis alitoa kitabu kiitwacho Stuck in the Shallow End kuhusu shule tatu za sekondari za serikali mjini Los Angeles. Alionyesha kwamba kompyuta zilikuwapo. Lakini pale ambapo wanafunzi wengi walikuwa Weusi na Walatino, masomo mara nyingi yaliishia kwenye kuchapa na kutumia programu zilizokwisha kutengenezwa. Kutunga programu, yaani kufikiri kwa mashine, kulibaki kwa wengine. Mashine zilifika darasani; aliyekosekana ni mwalimu aliyepata muda wa kujifunza kuzifundisha. Hapo ndipo thamani ya likizo yake inapoonekana.

2. Kuamuru mashine

Neno roboti lenyewe lilizaliwa katika fasihi. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alilitumia katika mchezo wake wa kuigiza R.U.R. wa mwaka 1920, na ndugu yake Josef ndiye aliyelipendekeza. Linatokana na robota, yaani kazi ya kulazimishwa ambayo mkulima alimfanyia bwana wake. Kwa Mkongomani aliyesikia wazee wakisimulia kazi za lazima za wakati wa ukoloni, au salongo ya wakati wa Mobutu, maana hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu. Leo neno hilo limehama tena. Afrika Kusini na Zambia, kwa Kiingereza cha huko, roboti ni taa za barabarani. Kinshasa tangu 2013 kuna roboti wanaoongoza magari, waliobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, na baadaye walifika Lubumbashi pia.

Roboti ya darasani ni ndogo zaidi: magurudumu mawili au matatu, mota, betri, na vihisi, yaani vifaa vinavyotambua mwanga, umbali au mguso. Haijui chochote mpaka iambiwe. Ndiyo maana wana elimu wameipenda. Aliyefungua njia hiyo ni Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, akafanya kazi na Jean Piaget mjini Geneva, kisha akahamia Marekani katika chuo cha MIT. Mwaka 1967 yeye na wenzake, akina Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Mtoto alimwamuru kobe, kwanza roboti wa sakafuni, baadaye alama ndogo kwenye skrini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Logo ilijaribiwa pia na watoto wa Dakar, Senegal.

Siri ya kobe ni kwamba mtoto anaweza kujiweka mahali pake. Akitaka kumfanya kobe achore mraba, anasimama, anatembea mwenyewe, na kuhesabu hatua zake. Kwa Kiswahili tungeandika hivi:

Rudia mara 4:
nenda mbele hatua 100,
geuka kulia nyuzi 90.

Mistari hiyo mitatu ni sentensi za amri, na mwanaisimu ana la kusema juu yake. Chukua kitenzi cha kugeuka. Kiingereza na Kifaransa vinaweza kutumia kitenzi kimoja kwa roboti inayogeuka yenyewe na kwa mota inayogeuza gurudumu. Kiswahili kinatofautisha kwa kiambishi: geuka na geuza, zunguka na zungusha. Mtoto anayesoma “zungusha gurudumu la kushoto” anajua papo hapo kwamba kuna kinachozungusha na kinachozungushwa. Unyambulishaji, ambao sisi huufanyia mazoezi kwenye karatasi za mtihani, hapa unamwambia mtoto mwendo unatoka wapi.

Upande mwingine Kiswahili kinaleta ugumu. Katika programu, mashine lazima ijue tofauti kati ya sharti na tukio. Sharti ni swali la mara moja: sasa hivi, je, kuna ukuta mbele? Tukio ni agizo la kungoja: wakati wowote mguso utakapotokea, fanya hivi. Kifaransa kina si na quand. Sisi tuna -ki-, na -ki- hubeba yote mawili. “Ukiona ukuta, simama” yaweza kuwa swali la mara moja, yaweza kuwa agizo la kudumu. Wajerumani wana taabu kama hiyo na neno lao wenn. Dawa tunayo ndani ya lugha: “ikiwa kuna ukuta, simama” kwa sharti, na “kila unapogusa ukuta, simama” kwa tukio. Lakini mtu lazima aamue, na uamuzi huo ni wa kisarufi kabla ya kuwa wa kompyuta.

Roboti ikikosea, haikasiriki wala haikisii ulichomaanisha. Binadamu akiambiwa “nenda hadi mlangoni” atazunguka kiti kilicho njiani. Roboti itakigonga. Mwanafunzi anarudi kwenye maneno yake na kuuliza: niliandika nini hasa? Hili ni zoezi la semantiki, na mwalimu huyo wa Marekani analifanya Julai yote mezani kwake ili Septemba awe amekwisha kukosea makosa ambayo wanafunzi wake watakosea.

3. Phoenix, 2004

Kisa nilichokitaja mwanzoni kilitokea katika shule ya sekondari ya Carl Hayden, upande wa magharibi wa jiji la Phoenix, Arizona. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, wengi wenye asili ya Meksiko. Walimu wawili, Allan Cameron wa sayansi ya kompyuta na Fredi Lajvardi wa sayansi ya bahari, walisimamia kundi la roboti. Vijana wanne walijiunga ili kushindana katika mashindano ya roboti za chini ya maji yaliyoandaliwa na kituo cha MATE. Wote wanne walizaliwa Meksiko na hawakuwa na karatasi za ukaaji. Phoenix iko jangwani.

Walimu waliamua kuwaandikisha katika daraja la vyuo vikuu. Walifikiri kwamba kushindwa na vyuo vikuu si aibu. Fedha walizokusanya zilikuwa takriban dola 800. Kwa hizo walijenga roboti kwa mabomba ya plastiki ya maji, na kwa sababu ya harufu ya gundi wakaiita Stinky, yaani yule anayenuka. Walipokosa ujuzi, walipiga simu kwa wataalamu wa makampuni na kuwauliza. Kwa vijana wa mtaa ule, ambao Kiingereza hakikuwa lugha ya nyumbani, kupiga simu kwa mhandisi usiyemjua na kumweleza unachotaka kulikuwa somo tosha.

Juni 2004, wakati shule nyingine zimekwisha kufungwa, walisafiri hadi Santa Barbara, California. Katika majaribio sanduku la betri lilivuja. Muda wa kulitengeneza upya haukuwapo. Kijana mmoja akaenda dukani kununua tamponi, zile pamba ambazo wanawake hutumia wakati wa hedhi, wakazipanga ndani ya sanduku zinywe maji. Kisa hicho kilipendwa sana na magazeti, na mwaka 2015 filamu ilitolewa kuhusu vijana hao.

Linalotuhusu sisi ni jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Katika kazi za ndani ya maji, timu ya Carl Hayden ilikuwa ya 3 kati ya 11. MIT ilikuwa mbele yao. Lakini alama za mwisho zilijumlisha mambo mengine mawili: mahojiano na waamuzi, ambapo kila timu ilieleza kwa mdomo namna roboti yake inavyofanya kazi, na ripoti ya kiufundi iliyoandikwa. Matokeo yalipotangazwa, Carl Hayden walipewa tuzo ya uandishi wa kiufundi, tena kwa lugha ambayo hawakuizaliwa nayo. Kisha wakatangazwa washindi wa jumla, MIT ikiwa ya pili.

Kwa maneno mengine, bwawani hawakuwa wa kwanza. Waliofika wa kwanza ni waliojua kueleza.

Ushindi haukuwafungulia milango yote. Mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria iliyowanyima wanafunzi wasio na karatasi haki ya kulipa ada ya chuo ya mkazi wa jimbo. Mwalimu anaweza kumpa kijana maneno ya kumweleza mhandisi. Hawezi kumpa karatasi za ukaaji.

4. Kuomba

Tufike kwenye kazi ya tatu. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba katika mwaka wa shule wa 2014–2015 walimu 94 kati ya kila 100 wa shule za serikali walinunua vifaa vya darasa kwa fedha zao bila kurudishiwa, kwa wastani wa dola 479 kila mmoja. Wakati huo sheria ya kodi ilimruhusu mwalimu kupunguza dola 250 tu katika mapato yanayotozwa, na mwaka 2022 kiasi hicho kilipandishwa kuwa dola 300. Seti za roboti kwa darasa zima haziingii katika mfuko huo.

Mwaka 2000 Charles Best, mwalimu wa sekondari katika mtaa wa Bronx, New York, alianzisha DonorsChoose. Utaratibu wake uko hivi. Mwalimu anaandika ombi kwenye intaneti: wanafunzi wake ni akina nani, wanahitaji nini, watakitumia vipi. Orodha ya vifaa na bei huonekana. Yeyote anaweza kuchangia, hata dola chache. Kiasi kikitimia, shirika lenyewe hununua vifaa na kuvituma shuleni. Mwalimu hashiki fedha. Ombi hubaki wazi kwa miezi minne. Vifaa vikifika, shukrani huandikwa, na mara nyingine wanafunzi wenyewe huandika barua.

Ombi hilo ni aina ya matini, na lina kanuni zake. Tuseme mwalimu anaandika: “Tunahitaji seti tano za roboti.” Hilo ni agizo la dukani. Akiandika kwamba wanafunzi sita wanazunguka seti moja, wawili wakijenga na wanne wakitazama, msomaji anaiona meza. Pia mwalimu lazima achague namna ya kuwataja watoto. Akisisitiza umaskini wao, fedha zaweza kuja haraka, lakini mtoto naye atalisoma ombi hilo na kujiona ndani yake kama mhitaji. Akiwataja kwa kazi wanayotaka kufanya, heshima inabaki. Kuna wilaya za shule zilizokataza au kubana uchangishaji wa namna hii.

Mimi naona tatizo lingine linalotuhusu kitaaluma. Mwalimu anayeandika vizuri hupata. Mwenzake wa chumba cha pili, mwenye wanafunzi wenye shida ileile lakini asiye na kalamu nzuri, hakosi kwa sababu anahitaji kidogo. Kalamu imekuwa njia ya kugawa vifaa vya shule.

5. Na sisi je?

Mzazi wa Kongo hahitaji kuelezwa maana ya kuchangia darasa. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya malipo ya walimu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na utekelezaji ulianza Septemba 2019. Sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Tofauti iko katika matini. Huko mwalimu anawaomba watu asiowajua na lazima awashawishi. Kwetu mzazi hupokea tangazo: kiasi, tarehe ya mwisho, na onyo. Hata likelemba, ambayo sote tunaijua, ina maelezo zaidi kuliko tangazo hilo, kwa sababu kila mmoja anajua zamu ni ya nani na fedha zinakwenda wapi. Mzazi angeelezwa darasa litafanya nini na mchango wake, mazungumzo kati ya shule na nyumba yangebadilika.

Kuhusu kuamuru mashine, kazi yetu ni ya wazi zaidi. Scratch, lugha ya kompyuta ya watoto iliyotolewa na MIT mwaka 2007 chini ya Mitchel Resnick, leo inapatikana katika lugha zaidi ya 70. Kiswahili kimo, pamoja na Kihausa, Kizulu, Kixhosa na Kiamhari. Tafsiri hizo hufanywa na watu wanaojitolea. Swali ni kama mtoto wa Kenya ya Lubumbashi, wa Goma au wa Kisangani, ambaye Kiswahili chake si cha Dar es Salaam na ambaye darasani anafundishwa kwa Kifaransa, ataelewa kila amri kama ilivyokusudiwa. Swali hilo halijibiwi na mhandisi. Linajibiwa na mtu aliyesoma dialektolojia, akatoka na daftari.

Tena halihitaji umeme. Huko New Zealand, katika miaka ya 1990, Tim Bell na wenzake walitengeneza masomo ya sayansi ya kompyuta yasiyotumia kompyuta, yaitwayo CS Unplugged. Kobe wa Papert naye anaweza kuchezwa na mtoto. Pendekezo langu kwa wenzangu ni hili: likizo kubwa ijayo, tuchague amri ishirini, kila moja kwa maneno mawili au matatu tofauti. Mtoto mmoja awe roboti, mwenzake asome amri, sisi tuandike anachofanya. Akisikia “geuka kushoto” atazunguka akiwa amesimama palepale, au atatembea huku akipinda? Akisikia “ukigusa ukuta, rudi”, atarudi mara moja au kila mara? Majibu ya watoto hamsini wa mitaa mitatu yangetosha kwa TFC nzuri, na yangewafaa waalimu wa sekondari ambao siku moja watapokea sanduku la kwanza la roboti na kuhitaji maneno ya kulifungulia.